Dikoi ya bata mzinga ibebwe ndani ya begi, sio begani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Limenikaa kooni tangu nilipoona ile picha mliyoweka kwenye makala ya uwindaji wa bata mzinga pori huku Marekani, ile ya kijana anatoka msituni asubuhi, uso umejaa furaha, na sanamu ya dume la bata mzinga kaikumbatia kwapani, mkia umechanua wote na kichwa chekundu kwa cheupe kimetokeza mbele kama ndege mzima. Picha ni nzuri, mwanga umekaa vizuri na kijana mwenyewe anapendeza. Ila mi nilipoiona nilishtuka mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia huyu kijana katoka salama kwa kudra za Mungu tu, maana alivyobeba hivyo ndivyo watu wanavyopigwa bunduki.

Naandika kama mtu ninayeingia mwenyewe porini. Naishi Missouri, upande wa kusini kwenye vilima vya Ozark, na msimu uliopita ulikuwa wa 11 kwangu. Nilipoanza tulikuwa waswahili wawili tu ninaowajua, sasa hivi vijana ni wengi, kuna wa Kongo, wa Kenya, wa Tanzania, wa Burundi, wikendi ya msimu ikifika simu hailali, kaka tunaenda upande gani, kaka umesikia ndege wakilia wapi. Nafurahi sana kwa kweli. Lakini nimegundua wanafundishana kila kitu, bunduki gani, marisau gani, namna ya kuita ndege kwa kile kifaa cha kuweka mdomoni, nguo za mabaka zinapatikana wapi kwa bei ya kueleweka, ila hakuna anayemwambia mwenzie zile dikoi unazitoaje kwenye gari mpaka pale unapokaa, alafu unarudi nazo vipi. Kila mtu anadhani kubeba hakuhitaji kufundishwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona, dikoi ni sanamu ya ndege. Msimu wa machipuko huku unaangukia mwezi wa 4 kuingia wa 5, wakati madume wanatafuta majike. Mwindaji anaingia gizani, anakaa chini kaegemea mti mkubwa, anatoa sauti ya jike, na mbele yake kama yadi 15 au 20 hivi anakuwa kachomeka sanamu ya jike, wengine wanaongeza na ya dume kijana, wale wanaitwa jeki, ili dume mkubwa akifika aone kwa macho alichokisikia na wivu umpande. Maana huyu ndege haamini masikio peke yake. Pua yake haina kazi sana ila macho yake ni moto wa kuotea mbali, anaona rangi, anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, ukikuna pua tu kashaondoka. Kwahiyo viwanda vinatengeneza dikoi za kudanganya macho hayo, unyoya umechorwa mmoja mmoja, kichwa kimepakwa nyekundu, nyeupe na bluu vilevile kama dume aliyepandwa na hamu. Sasa kama ndege mwenye macho yale anadanganyika mpaka anakuja kuipiga mateke sanamu, binadamu aliyeamka saa 9 usiku, yuko yadi 60 nyuma ya vichaka, mwanga haujakaa sawa, yeye ataitambuaje?

Nitawaambia kilichonipata kwenye msimu wangu wa 3, na sijawahi kukiandika mahali popote.

Nilikuwa Mark Twain National Forest, huo ni msitu wa umma, ekari kama milioni 1.5, mwenye leseni yeyote anaingia na huwezi kujua nani yuko upande wa pili wa kilima. Alfajiri dume alilia mara mbili tatu akiwa bado juu ya mti alipolala, alafu akashuka akanyamaza, na wanyamavu ndio wa kuangalia sana sababu wanakuja bila hodi. Nikakaa. Kama saa 3 asubuhi nikaona kitu cheusi kinatembea pembeni ya uzio wa zamani uliokufa, kinasimama, kinasogea, kinasimama tena, na juu yake mkia umefunguka kama upepeo, na kwenye ncha za mkia ule mstari wa kahawia wa bata mzinga wa aina ya mashariki unaonekana kabisa, alafu kikageuka kidogo nikaona nyekundu. Bunduki ilikuwa tayari gotini. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha usalama, kikasukuma. Nakumbuka ule mlio mdogo, tik.

Kilichoniokoa mimi na mwenzangu ni mzee jirani yangu, mzee wa hapahapa Ozark aliyenifundisha, alikuwa na neno moja anarudia mpaka unachoka, usimtazame mkia, tafuta ndevu. Maana sheria ya machipuko hapa inaruhusu dume au ndege mwenye ndevu zinazoonekana tu, ndevu ni yale manyoya magumu yanayoning'inia kifuani kama brashi. Nikatafuta ndevu. Nikashuka na macho kutoka kwenye mkia, kifua hakionekani, nikashuka tena chini, nikaona kamba ya kiatu. Kamba ya kiatu ya njano, imefungwa vizuri na kitanzi.

Nikashusha bunduki chini nikapiga kelele kuna mtu huku, simama. Alisimama. Alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, kavaa mabaka kuanzia juu mpaka chini, na mgongoni kabeba dikoi ya dume aliyechanua ndani ya mfuko wa wavu, ule mwembamba unaopewa bure ukinunua, mkia umetokezea juu ya bega lake na kichwa chekundu kimejipenyeza kwenye tundu la wavu upande wa kiuno. Alikuwa anasimama simama sababu na yeye anasikiliza ndege. Tulikaa chini wote wawili, mi mikono inatetemeka kiasi cha kushindwa kufungua chupa ya maji, yeye akanifungulia. Alikuwa hajui kabisa. Hakuna aliyemwambia, dukani walimpa mfuko wakamtakia uwindaji mwema.

Ndo maana siwezi kuiona picha kama ile yenu nikapita kimya.

Sasa kubeba kwenyewe. Kanuni ninayoishika ni kwamba mtu akinitazama kutoka upande wowote, mbali au karibu, asione unyoya, asione nyekundu wala nyeupe wala bluu ya kile kichwa, na asione umbo la mkia. Maana yake begi ni la turubai au kitambaa kizito kisichoonyesha ndani, na mdomo wake unafungwa, sio unakunjwa kunjwa, unafungwa kwa zipu au kamba ya kukaza na kifuniko juu. Kama dikoi haienei ndani ya begi bila kitu kutokeza basi begi ni dogo, tafuta lingine, usijiambie ni hapo karibu tu. Yule kijana alikuwa anaenda hapo karibu tu. Wavu mi siutaki hata wa bure. Na juu ya begi shona au funga kitambaa cha rangi ya chungwa, ile inayowaka, kikubwa kiasi cha kuonekana nyuma na pembeni, na wewe mwenyewe vaa kofia au kizibao cha chungwa wakati wote unapotembea, utavua ukishakaa. Wengi hawavai kwasababu wanaogopa ndege ataona. Kweli ataona, ila ukiwa unatembea ndege kashakuona tayari, aliyebaki kukuona ni binadamu. Ukibahatika ukapata ndege naye vivyo hivyo, mfunge na kitambaa cha chungwa au muweke ndani ya begi usimbebe begani akining'inia, najua raha yake lakini subiri ufike kwenye gari.

Kuna dakika moja watu hawaifikirii, ile ya kuchomeka. Umefika, umefungua begi, umeinama na sanamu mkononi katikati ya uwazi, pale wewe ndio dikoi. Kama bado giza mi nawasha taa ya kichwani nafanya kazi yangu nikionekana. Na utaratibu wangu ni kwamba kichwa ndio cha mwisho kuwekwa na cha kwanza kutolewa. Nachomeka kijiti, navalisha kiwiliwili, naweka sawa, alafu ndo natoa kichwa mfukoni nakipachika naondoka. Wakati wa kukusanya natazama kwanza pande zote kwa muda, natembea mpaka pale nimevaa chungwa, natoa kichwa naingiza kwenye soksi, mkia naukunja, na sanamu inaingia ndani ya begi palepale ilipokuwa, sio kuitembeza mpaka kwenye mti nilipoacha vitu. Kwa zile ambazo kichwa hakitoki, kivalishe soksi hivyohivyo ikiwa bado imesimama.

Na ukiwa umekaa ukamuona mwindaji mwingine anakuja upande wako, usipunge mkono, usipige mluzi, na kile kifaa cha kuita ndege kiteme kabisa. Sema kwa sauti kubwa ya mtu. Mgongo wako uwe kwenye mti mpana kuliko mabega yako, na dikoi iwe mahali ambapo unaona vizuri kilichoko nyuma yake na ubavuni mwake, sababu mtu anaweza kunyatia dikoi yako akiwa ng'ambo na wewe uko kwenye mstari huohuo. Kuhusu ule mtindo wa kutambaa nyuma ya mkia uliochanuliwa kumfuata dume uwanjani, majimbo kadhaa yameubana au kuupiga marufuku, mengine bado. Mi nasema wazi kwenye ardhi ya umma usifanye, hata kama sheria ya ulipo inakuachia. Unajificha nyuma ya kitu ambacho kila mwindaji msitu mzima amekuja kukitafuta.

Sasa nije kwenye kuitunza, maana begi lilelile linalokuficha ndilo linalolinda mali yako, na mali ni mali, dikoi ngumu za dume aliyechanua zinapita dola 100 bila shida. Unakuta mtu kalipa pesa hizo, alafu anaitupa nyuma ya pikapu pamoja na jeki ya gari na kopo la mafuta, msimu wa pili inafanana na kuku aliyenyonyolewa.

Cha kwanza kinachoharibu ni kusuguana. Rangi haitoki kwa mvua, inatoka kwa dikoi mbili kusuguana mwendo wa nusu saa unavyopanda kilima, inaanzia kwenye ukingo wa mabawa na mdomo, kidoa cheupe kidogo, alafu kinakua. Mi kila sanamu inaingia kwenye foronya yake. Foronya nzee, za rangi ya giza, zimeshalainika kwa kufuliwa. Jike moja, foronya moja. Nimetumia hivyo misimu mingi na jike wangu wa kwanza bado ana nyusi. Watu wananunua vifuko maalumu, vizuri pia, ila foronya kila nyumba ipo.

Na foronya inaua kelele. Hili nalisisitiza sababu nimeona ndege wakipotea kwa ajili yake. Alfajiri unapita chini ya miti waliyolala, kimya kabisa isipokuwa yule ndege wa usiku anayerudiarudia jina lake, na mgongoni kwako plastiki tupu mbili zinagongana, ko, ko, ko, sauti ya ndoo. Hakuna kitu porini kinachotoa sauti ile. Dume hatakuambia kasikia, atashuka upande wa pili wa mti tu aende zake na wewe utakaa hapo mpaka saa 4 unalaumu dikoi. Velkro nayo ni hivyohivyo, ikifunguka inachana msitu mzima, mi nimeitoa kwenye begi langu nikashona vifungo.

Vijiti vya chuma visikae na dikoi. Vina ncha, na dikoi za kujaza upepo ncha moja tu inatosha kuimaliza, hata hizi za mpira laini zinatoboka. Vifunge pamoja kwa kitambaa na raba, viweke mfuko wa pembeni, na beba kimoja cha ziada maana kijiti ndio kitu cha kwanza kusahaulika kwenye majani. Mzee wangu alivipaka ncha ya juu rangi ya kijani inayowaka kidogo kwa ndani ya tundu, ikichomekwa haionekani, ikianguka chini unaiona.

Kuna hili la dikoi kubonyea, hapa ndo watu wanakata tamaa wanatupa. Za sponji na za mpira zinakunjika, ndio faida yake kwenye begi, ila ukiiacha imekunjwa kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 4 mwaka unaofuata itashika mkunjo, ubavu unaingia ndani, shingo inapinda kama ana ugonjwa. Haijafa hiyo. Mi naweka beseni bafuni, maji ya moto ila sio ya kuchemka, namimina ndani ya tumbo la dikoi na juu ya mkunjo, nasubiri, na vidole nasukuma taratibu kutokea ndani kwenda nje, unausikia mpira unalainika na kurudi, saa nyingine unarudi wenyewe na kamlio. Ikishakaa sawa namwaga, naijaza taulo kavu ndani ishike umbo ikipoa, naiacha usiku mzima. Wengine wanatumia drayeri ya nywele, inafaa pia lakini iwe mbali na isikae sehemu moja, rangi inachemka ukizubaa. Dikoi ngumu nazo kibonyeo kidogo kinarudi kwa joto la maji, ikipasuka ndo basi. Msimu ukiisha usizikunje, zijaze magazeti, hata haya yenu Mhariri, zitundike au zisimamishe mahali pakavu, mbali na jua la dirishani sababu linafubaza rangi, na mbali na panya. Ndani ya gari kiangazi usiziache hata wiki.

Umande. Asubuhi ya machipuko dikoi inalowa inaanza kung'aa, na manyoya ya ndege mzima hayang'ai vile, kwahiyo beba kitambaa laini ufute mgongo wake kabla hujakaa. Ukirudi nyumbani toa kila kitu kwenye begi kikauke, begi lenyewe geuza nje ndani, ukifunga na unyevu wiki moja tu kuna ukungu na harufu haitoki tena. Kuosha ni maji na kitambaa, sabuni ya kufulia iache, nyingi zina kemikali za kung'arisha nguo na huyu ndege anaona mwanga ambao sisi hatuuoni, wewe unaona safi yeye anaona taa.

Wanaotumia mkia wa kweli kwenye dikoi, na mimi mmojawapo, mkia usiingie kwenye begi hivihivi. Mi naukunja, nauweka katikati ya kadibodi mbili ndefu, nafunga na raba mbili, na kadibodi inaingia ndani ya begi yote isibaki hata ncha. Unyoya ukivunjika haurudi, uliopinda tu unaweza kuunyoosha kwa mvuke wa birika. Na mkia mpya ukaushwe vizuri kwanza, ile nyama ya kwenye kitako uitoe yote na upake boraksi, ule unga mweupe wa kukausha, la sivyo wadudu wanaokula manyoya watakukaribisha msimu ujao na fito tupu.

Tahadhari ya kupita tu, begi likikaa chini msituni kupe wanapanda, na hapa kwetu kuna yule mwenye doa moja jeupe mgongoni ambaye akikung'ata unaweza kupata mzio wa nyama nyekundu, sio masihara, mbuzi na ng'ombe unavisikia kwa harufu. Lipulizie begi dawa ya permethrin nyumbani, likauke kabisa kabla ya kuweka vitu.

Nimetoka kidogo nje ila naomba niseme na hili, sababu vijana wetu wengi hawalijui. Ndege hawa karibu waishe nchi hii mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa kuwindwa bila mpaka na kukatwa misitu. Missouri ilianza tena msimu wa machipuko mwaka 1960. Kabla na baada ya hapo watu walikuwa wanawanasa kwa nyavu zinazorushwa na mizinga midogo, na kuwahamishia misitu iliyokuwa mitupu, Missouri ilipeleka mpaka majimbo mengine, na sehemu ya pesa ya kazi kama hizo inatoka kwenye ile kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki na risasi, sheria ya 1937, kwahiyo hata sisi tuliokuja juzi tukinunua boksi la marisau tunachangia. Unajua walikuwa wanasafirishwaje? Kila ndege kwenye boksi lake la kadibodi, limefungwa, giza ndani, ili asijipige na manyoya yasiharibike. Mzee wangu aliniambia hivyo siku ananionyesha kushona begi, kama ndege wa kweli walisafiri ndani ya boksi lililofungwa, sanamu inataka nini zaidi.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Ile picha, kama mtaitumia tena, wekeni maneno chini yake kwamba hivi sivyo, dikoi inafunikwa yote ndani ya begi lililofungwa na mbebaji anavaa chungwa. Au kama mnataka picha nyingine nitawatumia mimi. Kijana wa kamba ya njano sasa tunawinda wote, ana begi la turubai la kijani, mke wake kalishonea kitambaa cha chungwa kutoka juu mpaka chini, na kakubali kupigwa picha kwa mgongo. Msimu ukifunguliwa tutaingia na vijana wawili ambao hawajawahi, foronya zao nimeshazifua ziko kwenye kamba.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Msomaji, Missouri, Marekani